Mama Farasi Kwenye Daraja

Pakiti ya mbegu za mahindi ikifunguliwa, kabla hata hujaingiza mkono, kuna harufu inayotoka. Watu wa Kitale wanaijua. Ni ya ile dawa ya rangi ya waridi ambayo mbegu hupakwa ili wadudu wasizile ardhini. Ni kali, ina utamu fulani wa uongo, na ikiingia puani haitoki upesi. Wengine wakiinusa wanafikiria mvua na jembe. Mimi nikiinusa napandwa na hasira, na sioni haya kusema hivyo, kwa sababu nimeibeba hasira hiyo tangu utotoni na hakuna mtu aliyewahi kunisaidia kuitua.

Msimu huu harufu ilinikuta vibaya zaidi. Tulikuwa tumetoka kumzika Senge Rispa kule Kanduyi, pale Bungoma inapoanzia. Kwetu senge ni dada ya baba. Siku ya mazishi mtangazaji alishika kipaza sauti akasoma majina ya watoto walioachwa na marehemu, kuanzia mzaliwa wa kwanza hadi kitinda mimba, na kila aliyetajwa alisimama watu wakamwona. Binamu yangu Nanjala alikuwa ameketi kando yangu, kwenye hema la wapwa. Hakutajwa, kwa hiyo hakusimama. Alikuwa anakunja na kukunjua leso yake ya mkononi. Na mimi nilikuwa nauma meno, kwa sababu kama kuna mtu aliyepaswa kusimama wa kwanza pale, ni yeye. Nanjala ndiye mtoto wa kwanza wa Senge Rispa.

Senge alimzaa akiwa kwetu Kibomet, pembeni mwa Kitale, kabla ya ndoa, na mwanaume aliyehusika akayeyuka. Wakaishi na sisi, mama na mwana, kwenye chumba cha nyuma kilichopakana na banda la kuku. Hakuna aliyemwita Rispa tena. Mnajua mila zetu: mwanamke akishazaa, jina lake linawekwa kabatini, anaitwa kwa jina la yule aliyemfungua tumbo. Alikuwa Mama Nanjala dukani, Mama Nanjala kanisani, Mama Nanjala kisimani. Mama yangu, aliyekuwa wifi yake na rafiki yake wa kusukana nywele, sikuwahi kumsikia akimwita vinginevyo.

Halafu akaja Mwalimu Situma kutoka Kanduyi, mrefu, mpole, mtu wa kanisa, viatu vimepigwa rangi mpaka vinang'aa. Alitaka mke. Na mila nyingine mnaijua pia: mwanamke haendi kwenye ndoa na mtoto wa mwanaume mwingine. Mtoto hubaki kwa wajomba. Hilo ni chungu lakini limezoeleka, na kama wangeishia hapo labda leo ningekuwa naandika mambo ya furaha. Baba yangu, kaka mkubwa wa Senge, hakuishia hapo. Alituita sote sebuleni akafunga mlango.

“Kuanzia leo,” Baba alisema, “huyu ni mtoto wa marehemu Wafula. Mmesikia? Mtu akiuliza, ni wa Wafula.”

Wafula alikuwa ndugu yao mdogo, aliyefariki bila mke wala mtoto. Hata marehemu tulimtafutia kazi.

“Na wewe Nanjala, mama yako utamwita senge, kama hawa wenzako. Umenielewa?”

“Ndio, Anko.”

“Hao watu wa Kanduyi wakijua, hiyo harusi hakuna.”

“Mpaka lini, Anko?”

Baba akamwangalia dada yake. Senge alikuwa anajiangalia mikono. “Mpaka mambo yatulie, mama,” Senge alimjibu Nanjala, kwa sauti ya mtu anayeulizwa bei ya kitu asichouza.

Mimi nilikuwa mdogo kwa Nanjala, sijui kama hata meno yote ya mbele nilikuwa nayo, na nililielewa shauri hilo kwa akili zangu. Nilidhani ni kalongolongo. Sisi watoto tulikuwa tukicheza kalongolongo kila jioni nyuma ya banda la kuku: wewe uwe baba, wewe uwe mama, wewe uwe mtoto mgonjwa, halafu giza likikaribia mmoja anasema “imeisha,” na kila mtu anarudi kuwa alivyokuwa. Nilifurahi kuona wakubwa nao wanacheza. Nikakaa nikisubiri nani atasema imeisha.

Senge akaolewa. Chumba cha nyuma kikabaki cha Nanjala peke yake.

Miezi hiyo ndipo tulipoanza kwenda kwa Mama Zuhura. Alikuwa mama wa Kiislamu aliyekaanga mahamri karibu na stendi, na nyuma ya jiko lake alikuwa na chumba cha mabati chenye televisheni na mashine ya gemu aliyoletewa na mwanawe. Vijana walilipa wakacheza. Sisi tusiokuwa na kitu tuliruhusiwa kukaa chini kimya, mradi tusiguse.

CD nyingi zilikuwa za mpira na za kupigana. Moja tu ilikuwa na hadithi. Maandishi yake hatukuyajua ni ya Kijapani au ya wapi, jina lake hatukulijua mpaka ukubwani, kwa hiyo tuliiita Mama Farasi, kwa sababu ya ile sinema fupi ya mwanzo kabla mchezo haujaanza. Mwanamke mwenye joho jekundu anaamka alfajiri. Mtoto wake amelala. Anamfunika blanketi, anautoa mkuki ukutani, anatoka kwenye mvua na kupanda farasi. Anapita kijijini watu wakimwangalia kutoka milangoni, hadi kwenye daraja la mbao. Katikati ya daraja anavuta hatamu. Farasi anasimama. Yeye anaanza kugeuza kichwa.

Siku CD hiyo ilipoletwa mimi nilikuwa kitandani, nimevimba matumbwitumbwi. Nanjala ndiye aliyeenda, akarudi na kunisimulia kila kitu huku ameketi miguuni pangu. Nilimuuliza mwisho wake. “Pona kwanza,” aliniambia. “Utaona mwenyewe.”

Nilipopona CD ilikuwa imeshakwaruzwa. Kijana mmoja aliidondosha kwenye sakafu ya mchanga, na tangu siku hiyo picha ilifika pale darajani, kichwa cha yule mama kikianza tu kugeuka, ikaganda. Mashine ikalia tii-tii-tii. Mama Zuhura aliisugua kwa dawa ya meno, akaifuta kwa ganda la ndizi, akaisomea na bismillahi. Haikusaidia. Mchezaji ilibidi abonyeze aruke mwanzo kabla ya kufika darajani. Na hata ingekuwa nzima wangeruka tu, maana saa ya Mama Zuhura ilianza kuhesabu CD ikiingia, na nani alipe ili amwangalie mwanamke akimfunika mtoto blanketi?

Kwa hiyo tuliipenda stima ikipotea. Kitale ile, mvua ikitisha tu kunyesha, stima inapotea. Ikirudi, mashine inaanza upya toka mwanzo, na wachezaji wakiwa wametoka nje kununua mahamri, hakuna wa kubonyeza. Hapo ndipo sisi watoto wa sakafuni tulipoona sinema yetu, mpaka darajani. Vijana walikuwa wanalaani, sisi tunamshukuru Mungu.

“Hapo anaona maadui,” mmoja angesema picha ikiganda.

“Wapi! Hapo anapigwa mshale.”

“Anarudi,” Nanjala alisema. Kila mara hivyo hivyo, bila kubishana. “Amesahau kitu. Anarudi.”

Na kwa kuwa hawakumwamini, au labda hawakuwa wao aliotaka waamini, akaamua kuichora.

Mwisho wa msimu wa kupanda, pakiti tupu za mbegu hutapakaa kila kona ya Kitale. Karatasi yake ni ngumu, na ndani ni nyeupe. Nanjala alikusanya, akakata vipande sawa vya ukubwa wa karata, na kwenye kila kimoja akachora kwa biro picha moja: mama amelala, mama amefungua jicho, mama ameinua bega. Ili picha ifuatane na mwenzake aliweka karatasi ya pili juu ya ya kwanza, akazibandika kwenye kioo cha dirisha jua likiwa upande wa pili, akafuata mistari akiihamisha kidogo tu. Kazi yangu mimi ilikuwa kushikilia karatasi zisiteleze. Mikono ilikuwa inaniuma mpaka kwapani. Nikilalamika ananiambia, “Ukiachilia, farasi atavunjika mguu,” na mimi naamini, nashikilia.

Alizitoboa kwa mwiba wa mchongoma akazifunga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Ukizipinda na kuziachilia moja moja chini ya kidole gumba, Wallahi, yule mama alikuwa anaamka. Farasi alikuwa anatembea. Mvua ilikuwa inanyesha kweli.

Ikabaki joho. Nyekundu tungeitoa wapi? Kalamu za rangi zilikuwa za watoto wa watu. Nanjala akachukua mbegu chache zilizobaki kwenye pakiti ya Baba, akazilowesha ndani ya kifuniko, ile dawa ikayeyuka, akachovya kijiti na kupaka joho lote, ukurasa kwa ukurasa. Vidole vyetu vikawa vya waridi wiki nzima. Mama alitufokea, “Nyinyi watoto! Msiguse chakula na hizo mikono. Hiyo ni sumu,” akatusugua na majivu. Hakuuliza tulikuwa tunafanya nini.

Sehemu ya mwisho, baada ya daraja, ilikuwa ndefu kuliko nyingine zote. Yule mama anageuka. Farasi anageuka. Anavuka daraja akirudi, anapita milango ile ile, anashuka, anaingia ndani na nguo zikichuruzika maji, na mtoto anaamka. Mtoto ambaye kwenye televisheni alikuwa na nywele za manjano, kwenye karatasi zetu alikuwa na nywele za matuta kama za Nanjala.

“Ni ya nani?” nilimuuliza ilipokamilika.

“Ya Mama.” Hakusema senge. Tulikuwa wawili tu. “Nitampa akiwa peke yake. Aangalie mpaka mwisho. Akifika mwisho ataelewa, atakuja kunichukua.”

Nafasi ikapatikana mapema kuliko tulivyodhani. Senge alipata mtoto wa kiume huko Kanduyi, na siku ya ubatizo sisi kama watu wa upande wa mama tulialikwa. Baba aliazima pikapu, tukapakiwa nyuma pamoja na kuku na mkungu wa ndizi. Nanjala alivaa sweta juu ya gauni ingawa kulikuwa na jua. Zile karatasi alikuwa amezificha ndani ya sweta, amezikumbatia njia nzima.

Kule watu walikuwa wamejaa uani, viti vya kanisa vimeletwa, sufuria tatu ziko motoni. Na kila mdomo ulikuwa unamwita Senge “Mama Ema.” Mama Ema, chumvi iko wapi? Mama Ema, mgeni wako huyu. Mtoto alikuwa ameitwa Emanueli, na jina la mama yake limebadilika kama bango la duka lililopata mwenyewe mpya. Mchungaji alisimama akasema Mungu amemkumbuka dada yetu, amemfungua tumbo, amempa mzaliwa wake wa kwanza. Watu wakasema amina. Baba akasema amina. Sauti yake niliisikia vizuri, alikuwa na besi.

Nanjala alikuwa akimfuata mama yake kwa macho tu, akisubiri abaki peke yake. Hakubaki. Mwanamke mwenye sherehe habaki peke yake.

Ndipo Mama yangu, maskini, ambaye ulimi wake ulikuwa umezoea neno moja kwa miaka, akapaaza sauti kutoka upande wa pili wa uwanja:

“Mama Nanjala! We Mama Nanjala! Wali unaungua!”

Senge akaitikia. “Naam!” Lilimtoka hilo, akageuka na mwiko mkononi, ndipo akagundua. Miiko iliacha kugonga sufuria. Dada ya Mwalimu Situma, mwanamke mmoja mwembamba mwenye masikio ya popo, akaweka chini ungo wake.

“Mama nani?” aliuliza. “Mbona hiyo jina hatujasikia hapa?”

Mama akaziba mdomo kwa leso. Baba akaanza kukohoa. Na Senge Rispa akacheka, kicheko chepesi, cha mtu aliyejizoeza.

“Ah, si huyu,” alisema, akimwonyesha Nanjala kwa mwiko. “Ni mtoto wa marehemu kaka yangu, Wafula. Nilimshikilia kidogo akiwa mdogo, basi wakazoea kuniita hivyo. Mnajua watu wa Kitale na mdomo.”

“Ooo,” wakasema wote pamoja. “Pole, mtoto. Hata baba hukumjua, bana.”

Wakamzunguka wakampa pole. Mmoja akampa kipande cha nyama. Nanjala alipewa pole kwa kifo cha mtu ambaye hakuwa baba yake, mbele ya mama yake mzazi, na akasema asante, kwa sababu tulikuwa tumefunzwa adabu.

Mimi nilitazama nyuso za wakubwa. Nilikuwa na uhakika kwamba sasa mchezo umeharibika, sasa mtu atasema imeisha. Hakuna aliyesema.

Mwalimu Situma, na hili lazima niseme maana haki ni haki, ndiye aliyemwona. Alichuchumaa mbele yake na suruali yake ya pasi. “Na umeficha nini kwenye sweta, Nanjala?” Nanjala akamtolea, nadhani kwa sababu hakujua kumkatalia mkubwa. Mwalimu akazipinda zile karatasi, akaachilia. Uso wake ulifunguka.

“Njooni muone! Ameamka! Anatembea, huyo, huyo, yuko kwenye daraja. Anageuka! Anarudi kwa mtoto wake!” Alicheka mpaka machozi. “Nani amekufundisha haya? Huyu mtoto ana kipawa. Mama Ema, hebu ona huyu mpwa wako amefanya nini.”

Yeye alikuwa ameiona yote, mpaka mwisho, mtu ambaye haikuchorwa kwa ajili yake. Akampa mkewe.

Senge alikuwa na mtoto kiunoni. Alizishika karatasi kwa mkono mmoja, akazipinda, akaziachilia zote kwa mpigo, prrr, macho yakiwa kwa wifi yake mwenye masikio. Nilishawaona vijana wakifanya vile kwa Mama Zuhura. Alibonyeza akaruka.

“Ni nzuri,” alisema. Akamrudishia. Halafu kwa sababu aliitwa kupakua, na labda ili aonekane hana neno na mtoto yule, akamwekea Nanjala kichanga mapajani. “Nishikieni huyu.”

Tulikaa mkekani. Nanjala hakuwa amewahi kumshika ndugu yake. Alimnusa kichwani. Akamfanyia zile karatasi, polepole, farasi akaenda, farasi akarudi, na kichanga akatikisa miguu na kunyoosha mikono, akazikamata, akazipeleka mdomoni kama watoto wote wanavyofanya. Sote wawili tulicheka. Ilikuwa mara ya kwanza siku ile. Akanyonya ile pembe yenye joho.

Nilichoona baadaye ni miguu ya Senge ikikimbia. Alikuwa ameona midomo ya mtoto ikiwa ya waridi. Alimnyakua, akamnusa kinywa. Alikuwa binti wa Kitale, harufu ile hakuhitaji kuambiwa.

“Dawa ya mbegu! Hii ni dawa ya mbegu! Amempa mtoto wangu sumu!”

Kofi lilisikika kabla sijaliona. Nanjala alianguka ubavu.

“Unataka kuniulia mtoto? Mtoto wangu wa pekee!”

Akaokota zile karatasi, akazitupa chini ya sufuria. Mpira wa tyubu ukawaka kwanza, ukanuka, halafu karatasi zikajikunja moja baada ya nyingine, na kwa muda mfupi, sitasahau, moto wenyewe uliwafungua wale farasi, wakatembea kidogo ndani ya moto.

Kichanga alinyweshwa maziwa ya ng'ombe mpaka akatapika. Hakuwa na neno. Kabla hata wali haujapoa alikuwa anacheka na nzi. Lakini wanawake walikuwa wameshapata la kusema.

“Mtoto asiye na mama ana wivu,” alisema wifi mwembamba. “Anaona mwenzake akipendwa, roho inamuuma.”

Senge alilisikia. Alikuwa hapo hapo, anampangusa mtoto. Angeweza kusema neno moja. Si lazima lile kubwa, hata dogo tu, hata “ni mtoto, hakujua.” Alisema, “Mpelekeni kwao.”

Nanjala alikuwa bado chini, nyasi kavu zimemganda shavuni.

“Kwetu ni wapi?” aliuliza.

Hakuuliza kwa ujeuri. Aliuliza akitaka kujua. Baba akamshika mkono akamwinua, akampeleka kwenye pikapu, na sisi tukafuata kabla ya kula.

Baada ya hapo Nanjala hakuchora tena, wala hakurudi kwa Mama Zuhura. Mama Zuhura aliniuliza, “Mbona mwenzako simwoni, mwanangu? Mwambie aje, nitamwekea toka mwanzo hata kama stima ipo.” Nilimfikishia salamu. Nanjala alikuwa anafua. Alisema sawa, hakwenda. Na neno Mama Nanjala likafa nyumbani kwetu. Mama yangu aliogopa ulimi wake kiasi kwamba tangu siku ile wifi yake alimwita “weee” tu, mpaka uzeeni.

Senge alikuwa akija Krismasi na watoto wake. Alituletea nguo, ya Nanjala na yangu, kitambaa kimoja, mshono mmoja. Alikuwa makini asimpe kilichozidi changu hata kifungo. Nimekuwa mama sasa, najua hofu ni kitu gani, na najua mwanamke wa siku zile alikuwa na milango mingapi ya kutokea. Mnaotaka nimwonee huruma, nishamwonea. Lakini Mwalimu Situma alitangulia kufa miaka mingi iliyopita. Wifi mwenye masikio alimfuata. Hakukuwa na mtu wa kufichwa tena, na bado lile jina halikusomwa kwenye mazishi. Walioandika majina walimuuliza Baba, mzee sasa, anatembea na mkongojo, na Baba akawatajia watoto mmoja mmoja kuanzia Emanueli. Mhubiri naye akasimama akasema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Nilitamani kumrushia kiti.

Tuliporudi Kibomet mvua ilikuwa imeanza, na mazishi hayasimamishi kupanda. Nanjala alibaki kutusaidia siku mbili. Mwanangu mkubwa, ambaye jembe na yeye ni maadui, alikuwa amekaa barazani na simu. “Mum, kuja uone hii,” aliniita. Watu wa nchi mbalimbali, mashabiki wa gemu moja ya zamani, walikuwa wamegawana sinema ya mwanzo ya gemu hiyo vipande vipande, kila mmoja akachora kipande chake upya kwa mkono wake, wakaviunga. Sura ya mwanamke ilikuwa inabadilika kila baada ya muda mfupi, mara ya rangi za maji, mara ya mistari mitupu ya kalamu, ila joho lilibaki jekundu. Aliamka. Akamfunika mtoto blanketi. Mimi mikono yangu ilikuwa na harufu ya mbegu, na nilijua ninaangalia nini kabla farasi hajatokea.

Pale darajani nilisubiri igande. Haikuganda. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu kichwa kile kiligeuka chote. Yule mama alitazama nyuma, akaitazama barabara yote aliyotoka, akaona haina mtu. Alikuwa anahakikisha kwamba hakuna anayemfuata. Kisha akampiga farasi kisigino akaenda zake, na jina la gemu likatokea.

Nilimpokonya mwanangu simu nikaenda nayo shambani. Nanjala alikuwa amefika mwisho wa mstari, kopo la mbegu kiunoni, anadondosha, anafukia kwa mguu. Nilimshikia simu mbele ya uso kwa sababu mikono yake ilikuwa michafu. Aliangalia toka mwanzo. Darajani alitikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyepita mahali anapopajua.

“Umeona?” nilimwambia kwa hasira. “Umeona mwisho wake? Hata hakuwa anarudi!”

“Najua. Niliiona.”

“Uliiona lini?”

“Siku ile ilipoletwa. Wewe ukiwa na matumbwitumbwi. Ilikuwa bado nzima.”

Nikaishusha simu. Karatasi zile zote, kioo kile, mikono yangu ikiuma mpaka kwapani.

“Sasa kwa nini ulichora anarudi?”

Nanjala alinitazama kwa mshangao, kana kwamba mimi ndiye mtoto bado.

“Ulitaka nimpelekee mama yangu ile nyingine?”

Akachukua mbegu nyingine kwenye kopo. Kitinda mimba wangu alikuwa anatambaa anakuja kwake kwenye udongo, akamfikia akafungua mikono abebwe, maana anampenda kuliko anavyonipenda mimi. Nanjala aliinua mikono yake ya waridi juu, mbali naye, akarudi nyuma hatua moja.

“Mtoe hapa,” aliniambia. “Sijanawa.”